Maoni Yasiyo na Muhuri

Meza niliyowaachia ina droo tatu. Ya kwanza haifungi, ya tatu haifunguki, na ya pili nitaieleza nikifika mahali pake, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Siku ya kuniaga mlisema, "Ma Leokadia, tuandikie basi hata kurasa chache, tuijue kazi yako." Mlikuwa mmeshiba keki, huenda mmesahau. Mimi sikusahau. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara mnaujua kwa sababu ninyi pia mnaupokea. Nitaandika kazi yenyewe, halafu nitaandika habari za Koku.

Nilianza nikiwa msichana wa kutoka Izimbya mwenye cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Kituo chetu wakati huo kilikuwa redio tu, vyumba viwili juu ya duka la vipuri hapa Bukoba mjini, na dirisha la studio tulilizibia godoro ili kelele za barabarani zisiingie. Mvua ikipiga mabati tulikuwa hatusikiki, basi tunaweka kwaya mpaka ikatike. Mvua ya Bukoba mnaijua. Kwaya nyingi za mkoa huu zilipata umaarufu kwa msaada wa mawingu.

Aliyenipokea ni mzee wetu Ta Sospeter, msomaji wa matangazo ya vifo, Mlutheri mwembamba mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata mwezi wa joto. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akauliza, "Unaweza kusoma majina arobaini mfululizo bila kumeza mate?"

"Naweza, shikamoo."

"Marahaba. Unaanza kazi kwa uongo, lakini utajifunza."

Ninyi mmeikuta kazi hii ikiwa imepungua kwa sababu ya simu, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu alikuwa hajafa mpaka redio iseme. Maiti imelala ndani, ndugu wanalia, migomba inakatwa kutengeneza kivuli uani, lakini shangazi aliye Ngenge na mjomba aliye Mwanza wamekaa karibu na redio wanangoja. Na wanachongoja zaidi si jina la marehemu, hilo wameshalisikia kwa majirani. Wanangoja orodha. Fulani wa Rubya anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, habari ziwafikie watoto wa marehemu, kisha majina, moja moja, kwa mpangilio. Ukitajwa pale wewe ni wa nyumba ile. Usipotajwa, nchi nzima imesikia kwamba hukutajwa. Nimeona watu wazima wamekuja hapa na mvi zao wakilia kwa sababu jina lao lilisomwa baada ya la mdogo wao.

Kwa hiyo Ta Sospeter alikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, usisome kifo kisicho na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Ya pili, usiongeze jina na usipunguze jina, soma kilichoandikwa. Alikuwa na kalamu nyekundu ambayo kazi yake ilikuwa kuzungushia muhuri duara, kuonyesha kwamba ameuona. Kalamu hiyo aliniachia, nami nimewaachia. Imekauka, lakini msiitupe.

Kanuni ya kwanza niliivunja mwaka wa tatu. Alikuja mtu wa kwetu Izimbya, jirani kabisa, mtu aliyekuwa ananifahamu tangu nanyonya, na barua ya kifo cha mzee mmoja jirani yake. Muhuri hakuna. Akasema mwenyekiti amesafiri, na maiti haiwezi kungoja safari za watu. Nikamwonea huruma nikasoma. Kesho yake asubuhi marehemu alifika kwa baiskeli. Aliegemeza baiskeli yake ukutani vizuri, akapanda ngazi, akakaa kwenye benchi, akasema kwa upole sana, "Waitu, nimekuja kuuliza nimekufa kwa ugonjwa gani." Walikuwa na ugomvi wa mpaka, na jirani alitaka tu kumwona akiamka na kukuta watu wanalia uani kwake.

Sisi wa studio tulicheka wiki nzima. Ta Sospeter hakucheka. Alinitazama akasema, "Huyu amepanda baiskeli. Yuko ambaye asingeweza kupanda." Mama wa mzee yule, kikongwe, alikuwa ameanguka aliposikia redio, na hakuinuka tena kitandani mpaka kifo chake mwenyewe, ambacho nilikisoma mimi, kikiwa na muhuri. Tangu siku hiyo sikusoma tangazo la kifo lisilo na duara jekundu. Hata la Ta Sospeter lilipoletwa, miaka mingi baadaye, niliukagua muhuri kwanza ndipo nikalia. Angenilaumu kama ningefanya kinyume.

Miaka ilikwenda. Kadi za salamu zilikuja zikaondoka, na kuna mtu mmoja wa Muleba aliyekuwa akiwasalimia watu thelathini kila Jumamosi mpaka tukagundua kwamba kumi na wawili kati yao ni ng'ombe. Kaseti ziliondoka. Kituo kikapata televisheni, tukahamia kwenye jengo lenye vigae, na mimi nikaongezewa dawati la maoni ya watazamaji. Ndilo hili mlilonirithi. Matangazo ya vifo niliyabeba vilevile, asubuhi na jioni, na Jumapili alasiri nikawa nasoma maoni kwenye kamera, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Kwa maoni hatukuwa na kanuni. Ujumbe unaingia kwenye simu ya dawati, tunachuja matusi, tunachagua kumi, tunasoma. Anayetaka anataja jina, asiyetaka anataja kijiji tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu aliyekufa alihitaji muhuri na aliye hai hakuhitaji. Nawaandikia hivyo bila kujitetea. Sikujiuliza.

Ndipo likaja suala la Koku.

Kokugonza alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa Ta Gosbert, mkulima wa migomba na kahawa jirani na Rubya. Alicheza tenisi, mchezo ambao wengi wetu tulikuwa tunauona kwa bahati mbaya tukitafuta mpira wa miguu. Alifundishwa na mzee Laurian, aliyejifunza ujanani kwa kuwaokotea wageni mipira, na aliposhindwa kuusahau mchezo akasawazisha kipande cha shamba lake, akachora mistari kwa chokaa na kufunga wavu wa kuvulia samaki. Kwenye udongo ule Koku akawa hodari mpaka akachukuliwa kambini Mwanza, akashinda mashindano ya vijana Nairobi, na watu wa filamu wakatoka Dar es Salaam kuja kumpiga picha. Wakatengeneza mfululizo wa sehemu sita. Kituo chetu kikapewa kuuonyesha kila Ijumaa, na Jumapili mimi nasoma maoni.

Sijawahi kupata maoni mengi namna ile. Sehemu ya kwanza na ya pili zilikuwa furaha tupu. Mama mmoja wa Bukoba aliandika kwamba binti yake ameanza kupiga ukuta kwa kikaango na sasa wanakaangia kwenye sufuria. Mzee wa Izimbya aliuliza kama kiwanja kile, kwa ukubwa wake, kisingefaa zaidi kwa maharage. Mwingine alitaka kujua kwa nini mtoto anaguna anapopiga, kama anaumwa apelekwe hospitali. Lakini wengi walikuwa na fahari. Waliandika "binti yetu". Neno hilo nililisoma mara nyingi sana Jumapili zile mbili, na nililisoma kwa sauti nzuri.

Sehemu ya tatu ilikuwa ya kambini. Ilimwonyesha Koku amealikwa chakula nyumbani kwa mama mmoja wa pale, kando ya ziwa, na mama yule anampakulia samaki, anasema, "Kula kamongo mwanangu, upate nguvu." Koku anakula. Anatabasamu, anaramba kidole. Ilikuwa chini ya nusu dakika.

Kama wewe ni mgeni hutaona kitu hapo. Lakini kila ukoo wetu una mwiko wake, omuziro, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawagusi, na mtoto anarithi mwiko wa baba yake. Ukoo wa Ta Gosbert mwiko wao ni kamongo. Watu wa tarafa nzima wanajua hivyo. Siku hizi vijana wanakula wanachokikuta, nami nimewaona ninyi wenyewe kwenye hoteli ya mtaa wa nyuma, sitataja majina. Lakini hawali mbele ya mkoa.

Jumamosi asubuhi simu ilikuwa na ujumbe huu, bila jina: "Mtazamaji wa Ngenge. Hongera kwa kipindi. Naomba kuuliza, yule mtoto anakulaje kamongo wakati ni mwiko wa baba yake? Au si mwiko wa baba yake?"

Haukuwa na tusi hata moja. Nilikuwa natafuta matusi, nikaupitisha. Tena niliupenda, niseme ukweli. Niliona ni swali la mila, nikaona wazee watafurahi kuona televisheni inajua mambo ya omuziro. Jumapili nikausoma, nikavua miwani, nikatabasamu kwenye kamera na kuongeza langu: "Haya wazee wa Muleba, swali hilo, tujibuni."

Wakajibu.

Sitawaandikia walichojibu. Kufikia Jumatano simu ya dawati ilikuwa haizimi mwanga. Aliyekumbuka mwaka ambao Ta Gosbert alikwenda kufanya kazi ya mashamba ya miwa akahesabu miezi. Aliyewahi kusoma na mama yake Koku akakumbuka rafiki zake wa ujana. Mwingine alilinganisha masikio. Kuhusu tenisi hakuna aliyeandika tena. Meneja wetu, msomi mzuri tu kutoka Dar, hakuelewa Kihaya wala mwiko, alielewa namba. Akasema, "Ma Leokadia, watu wanauzungumzia mfululizo! Endelea hapohapo." Nikayatenga yale ya heshima tu, niyasome Jumapili. Lakini ya heshima ndiyo yaliyokuwa na sumu zaidi, kwa kuwa yaliandikwa na watu wanaojua kuandika.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya sehemu ya nne, Ta Gosbert alikuja. Alivaa koti la kanisani na viatu vya mpira vya shambani, ametoka Rubya na gari la asubuhi. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya meza hii, kofia mkononi.

"Wewe ndiye unayesoma?"

"Ndiyo mimi, Ta."

"Mtoto ni wangu. Nimekuja kukuambia uwaambie imetosha."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnapoweza kufanya kosa kama langu. Ningeweza kunyanyuka, nikaingia kwa meneja na kusema kipindi cha maoni kisimame. Nilikuwa na miaka mingi ya kutosha kazini kusema hivyo na kusikilizwa. Badala yake nilifanya nilichozoea kufanya kwa kila anayekuja na malalamiko. Nilichukua kalamu na karatasi. Nikamwambia, "Na wewe una haki ya maoni yako, Ta. Yaseme, nitayaandika, nitayasoma Jumapili."

Alikuwa mtu wa kuamini wenye ofisi. Akasema polepole, nami naandika: "Mimi Gosbert wa karibu na Rubya, nasema Kokugonza ni mwanangu wa kumzaa. Asanteni." Akashukuru kwa sauti ya chini, "Kasinge, waitu," kama mtu niliyemsaidia, akaondoka.

Nikasoma. Nilisoma vizuri kabisa, na kwa kusoma vizuri nikalipa uzito lile lililokuwa bado uvumi. Mimi ni Mhaya, nilipaswa kujua. Kwetu mwanaume hasimami hadharani kuapa kwamba mtoto ni wake. Akiapa, kila mtu anauliza kwa nini ameapa. Kabla ya pale lilikuwa neno la vilabuni kwenye pombe ya rubisi. Baada ya pale lilikuwa swali ambalo baba mwenyewe amelijibu, na ukoo ukaona aibu, na ukoo ukiona aibu unakaa kikao.

Walikaa. Mama yake Koku aliulizwa maswali mbele ya shemeji zake, mwanamke wa makamo, akajibu lile la kwanza na mengine akakataa kuyajibu. Alirudi kwa kaka zake Ngenge. Wiki hiyohiyo ilikuwa sehemu ya sita, ya mwisho, iliyopigwa picha miezi mingi nyuma. Koku anainua kikombe Nairobi, kisha anarudi nyumbani, na Ta Gosbert anacheza ngoma uani huku mke wake akipiga vigelegele. Watu walikuwa wanaangalia uani pale pale ambapo mwanamke yule alikuwa ameshaondoka na sanduku lake. Jumapili ile nilimwambia meneja nina mafua, sitasoma. Ndilo pekee nililolifanya, na nililifanya kwa kuchelewa na kwa uongo.

Koku alirudi kutoka kambini akaacha kucheza. Mzee Laurian aliniambia kwamba kabla ya kuacha binti alijaribu mashindano mawili akashindwa raundi ya kwanza, kwa sababu kila alipokwenda kufuata mpira karibu na watazamaji alikuwa anawatazama midomo.

Mwaka uliofuata, miezi mitatu kabla ya kustaafu kwangu, Ta Gosbert alianguka shambani akikata mkungu. Tangazo lililetwa asubuhi na mdogo wake, Ta Felician, mtu wa sauti ya chini na shati lililopigwa pasi. Niliipokea barua kama ninavyopokea zote. Muhuri ulikuwepo, mzuri, wino haujasambaa. Nikauzungushia duara. Kisha nikasoma orodha ya watoto wa marehemu. Walikuwa wanne. Nikahesabu tena, ingawa nilijua hesabu.

"Ta, hapa naona watoto wanne," nikasema.

"Ndiyo wanne."

"Na Kokugonza?"

Akakunja risiti yake mara mbili, akaiweka mfukoni. "Ma, wewe si ndiye uliyetuuliza? Ukoo umekujibu."

Akaondoka.

Tangazo lilipangwa kwa jioni. Saa saba mchana mlango ukafunguliwa akaingia Koku. Nilikuwa namjua kwa kioo tu, na kwa macho alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, ana mkono mmoja mnene kuliko mwingine. Mzee Laurian alikuwa amemleta kwa pikipiki na alibaki nje. Koku alipiga goti kidogo kusalimia, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo Ma."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana."

"Asante. Nimesikia kuna tangazo la baba jioni." Alikuwa ameandika jina lake kamili kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa. Aliiweka mezani, akaisogeza mbele kwa vidole viwili. "Naomba na langu lisomwe. Mwishoni tu. Si lazima wanipe nafasi yangu, hapana, hata mwishoni. Nataka kwenda kumzika. Nisiposomwa wataniuliza nimekuja kama nani."

Na mimi, mbele ya Mungu, niliyekaa mwaka mzima nikitafuta namna ya kumwomba mtoto yule msamaha, nilifungua mdomo na kilichotoka ni cha miaka yote ile. Nilisema, "Una muhuri?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kwangu angekasirika. Aliwaza kidogo, kama mtu anayetaka kujibu swali vizuri, akasema, "Nilikwenda kwa mtendaji. Amesema hawezi, mpaka ukoo ukubali." Kisha akaniangalia. "Ma, yule wa Ngenge alikuwa na muhuri?"

Nilisema hapana. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, mimi mwanamke mzima.

"Ile siku nilimwambia yule mama kwamba kwetu hatuli," akaendelea. "Nilimwambia mbele ya kamera. Akasikitika, alikuwa ameshapika, ameazima hadi sahani. Ndiyo nikala. Wenye filamu walikata pale niliposema, wakaacha pale nilipokula. Baba nilimweleza. Alisema nilifanya vizuri, mgeni hamwaibishi mwenyeji."

Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali langu. Sentensi mbili. Ningeweza kulipata kwa kupiga simu moja Mwanza kabla ya Jumapili ile, kama ningekuwa na desturi ya kuuliza kwa maoni nilichokuwa nauliza kwa maiti.

Alichukua mkoba wake. Karatasi yake aliiacha, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Nilisikia pikipiki ikiwaka nje.

Jioni nilisoma. Nilisoma marehemu, kijiji, siku ya mazishi. Nilisoma watoto wanne kwa mpangilio ulioandikwa. Kisha nikasoma, "na Kokugonza, binti yake," nikaendelea na wajukuu, wakwe, ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kwenye barua ya Ta Felician, chini ya jina la nne, nilikuwa nimeliandika la tano kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, na halikuwa na muhuri. Ta Sospeter angeniondoa kazini, na angekuwa na haki. Nilisoma bila kumeza mate.

Mzee Laurian aliniambia yaliyotokea. Koku alifika msibani kesho yake, watu wa mbali waliosikia tangazo wakampisha, wakidhani mambo yamekwisha. Walimpisha mpaka kaburini. Hakuna wa ukoo aliyezungumza naye, lakini hakuna aliyemsukuma. Aliweka udongo wake akaondoka kabla ya chakula. Sasa yuko Ngenge kwa wajomba zake na mama yake, analima maharage. Raketi ziko kwa mzee Laurian, ambaye bado anachora mistari ya chokaa kila mvua inapoifuta, na hakuna anayecheza. Nilimwuliza anachora ya nini. Alisema mkono umezoea.

Siku ya tatu baada ya mazishi Ta Felician alirudi na wazee wawili. Hawakupiga kelele. Walisema ukoo utakaa kugawa shamba, na jina lililosomwa redioni na kwenye televisheni linaweza kuja kudai kibanja, kwa hiyo wanataka kituo kisome marekebisho: kwamba jina la Kokugonza lilisomwa kimakosa na kwamba marehemu hakuwa na mtoto huyo. Nikawaambia walete muhuri. Walitegemea nitasema hivyo. Ta Felician akaitoa karatasi mfukoni, imeshapigwa.

Nikaipokea, nikawaambia itasomwa kwa zamu yake. Wiki mbili baadaye wakauliza, nikasema bado haijafika zamu. Wakauliza tena, nikasema hivyohivyo, mpaka nikastaafu. Sikuizungushia duara. Mpaka naandika haya kikao cha kugawa shamba hakijakaa, wanangoja tusome, na wasipokaa jina la mtoto linabaki lilipo, jina la tano, la mwisho, la nyumba ile. Ni kidogo sana kwa niliyomfanyia. Ndicho nilichoweza.

Watakuja kwenu, kwa kuwa mimi sipo tena wa kuwazungusha. Karatasi iko kwenye droo ya pili, chini ya bahasha ya kalamu. Imeandikwa vizuri, ina tarehe, ina sahihi tatu na muhuri halali wa kijiji. Kwa kanuni ya kazi yetu haina kosa hata moja. Msiisome.